Vifaa vinne kwa mwamini aliyelemewa: kipi kinabeba, kipi kinakatika

Mtu aliyelemewa hasomi Biblia kama mtu aliyetulia. Anasoma mistari mitatu, macho yanarudi juu, anaisoma tena ileile. Maombi yake ni sentensi moja anayoirudia hadi usingizi umchukue, na siku nyingine haumchukui. Kwa hiyo kifaa chochote anachokabidhiwa, kiwe daftari, programu ya simu, rekodi ya sauti au mpango wa kusoma, kipimwe kwa hali hiyo na si kwa hali ya Jumapili asubuhi. Swali la kupimia ni moja: je, siku ambayo hana neno, kinampa maneno ya kumwambia Mungu, au kinamdai?

Kipimo hiki kina msingi wake. Katika 2 Wakorintho 1:8-9 Paulo anasema yeye na wenzake walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi, na kwamba hapo ndipo walipojifunza kutojitumainia wenyewe bali Mungu afufuaye wafu. Hakusema mzigo ulikuwa wa kadiri yake. Alisema ulizidi. Ile kauli inayopendwa kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba huchotwa 1 Wakorintho 10:13, na mstari huo umekaa katika sura inayoonya juu ya ibada ya sanamu; unazungumzia jaribu na mlango wa kutokea, haupimi uzito wa msiba wala wa ugonjwa. Kifaa kilichojengwa juu ya kauli hiyo humfanya mtu aliyechoka ajihesabu kuwa mwenye imani haba.

Neno la siku kwenye simu

Kila asubuhi arifa inaingia: mstari mmoja juu ya picha ya mlima au ya bahari. Sifa yake ni kwamba haidai nguvu yoyote, na mtu asiyeweza hata kuamka kitandani inamfikia. Sifa zake zinaishia hapo hapo.

Tatizo ni mkato. Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani, ni sehemu ya barua iliyoandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari unaoutangulia unataja miaka 70, na mistari ya 5 hadi 7 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji wa ugenini. Wengi walioisikia barua ile siku ya kwanza wangezikwa hukohuko. Ahadi ni ya kweli, ila si ahadi ya mambo kugeuka wiki ijayo, na picha ya mlima haiwezi kukuambia hivyo. Wafilipi 4:13 nayo hutumwa kama kiapo cha ushindi, wakati mistari miwili iliyo juu yake inazungumzia kujifunza kuridhika katika kushiba na katika kuona njaa.

Zaburi ndizo zinazoumia zaidi. Programu huchagua 13:5, mstari wa kutumaini, na kuacha 13:1-2 ambako mwimbaji anauliza "hata lini" mara nne. Anayepokea anapata jibu bila swali lake, kisha anajiuliza kwa nini haliingii moyoni.

Dosari ya pili ni ile hesabu ya siku mfululizo. Umekesha na mgonjwa siku mbili, unafungua simu, unakuta sifuri. Hesabu hiyo izimwe kwenye mipangilio kabla ya jambo lingine lolote. Arifa yenyewe ihamishwe kutoka asubuhi hadi saa ile ambayo kwako huwa mbaya kuliko zote. Kwa wengi ni jioni baada ya watu kuondoka. Na kila mstari unaokugusa, fungua Biblia usome mistari 10 kabla yake na 10 baada yake. Ukifanya hayo matatu, kifaa hiki kinapanda kutoka nyota 1 hadi 2 kati ya 5. Zaidi ya hapo hakipandi.

Daftari la maombi lililochapwa

Mpangilio wake karibu wote ni mmoja: tarehe juu, mstari wa siku, "mambo 3 ninayomshukuru Mungu", "maombi yangu", na chini kabisa safu ya "Mungu amejibu". Jalada zuri, utepe wa kuwekea alama. Ni zawadi nzuri kwa mtu mwenye afya ya moyo.

Kwa aliyelemewa lina makosa matatu. Tarehe zilizochapwa huacha kurasa tupu zinazomtazama. Baada ya kurasa 5 tupu watu hulifunga na hawalifungui tena. Ukinunua, nunua lisilo na tarehe. Kosa la pili ni kulazimisha shukrani itangulie kilio. Zaburi 13 inafuata njia nyingine: kwanza malalamiko (mst. 1-2), kisha ombi (3-4), ndipo tumaini na wimbo (5-6). Halafu Zaburi 40 inaanza na shukrani na kuishia kwenye kilio, na kilio hicho cha mwisho kimerudiwa karibu neno kwa neno kuwa Zaburi 70. Maandiko yenyewe hayana fomu moja ya kujaza, sasa daftari limeitoa wapi?

Kosa la tatu limejificha zaidi: safu ya majibu. Inageuza maombi kuwa leja. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe (2 Wakorintho 12:8-9). Haukuondolewa, lakini alijibiwa: neema yangu yakutosha. Hilo uliandike wapi, kwenye "amejibu" au "bado"? Anayejaza safu hiyo katikati ya dhiki huishia kuhesabu visanduku vitupu kama ushahidi kwamba amesahauliwa.

Daftari la kawaida la kurasa 96 linalishinda hili la kuchapwa. Chagua lililoshonwa kwa uzi, kwa sababu lililogundishwa tu huachia kurasa likifunguliwa bapa kila siku. Karatasi iwe ya gramu 70 hadi 80 kwa mita ya mraba. Nyembamba zaidi ya hapo hupitisha wino upande wa pili, na kalamu ya wino mwingi huifanya isomeke vibaya. Ukurasa wa kushoto nakili kwa mkono mstari mmoja wa zaburi uliyosoma, kisha andika jambo lako kwa jina lake halisi. Usiandike "changamoto". Andika deni ni la nani na ni kiasi gani, andika ni kipimo gani unachokingojea. Zaburi nyingi za kilio hazitaji jina la shida, kwa hiyo jina ni lako kulileta. Ukurasa wa kulia uache mtupu. Baada ya siku 7 rudi, andika kilichotokea, hata kama ni "hakuna kilichobadilika". Sentensi hiyo nayo ni maombi. Tahadhari moja: daftari huokotwa na kusomwa, kwa hiyo siri za watu wengine ziandikwe kwa herufi ya kwanza tu ya jina, au zisiandikwe.

Lililochapwa nyota 2, la kawaida nyota 4.

Biblia ya kusikiliza

Inafaa usiku, inafaa kwa aliyelazwa, inafaa kwa macho yaliyochoka kulia. Pakua Zaburi nzima kabla, usitegemee mtandao saa nane za usiku, na uwashe kipima muda kizime sauti baada ya dakika 20. Chagua rekodi ya msomaji mmoja isiyo na muziki. Muziki wa nyuma hukuamulia namna ya kujisikia, na zaburi ya maombolezo yenye vinanda vitamu inakuwa kitu kingine kabisa. Udhaifu wake ni kwamba sauti haikungoji. Mstari uliokuchoma umeshapita. Nyota 3.

Zaburi zote kwa siku 30

Hiki ndicho kifaa cha kupendekeza, ingawa kina kona zake kali. Zaburi 150 zimegawanywa mafungu 60, moja asubuhi na moja jioni, kufuata tarehe ya mwezi. Mgawo huu ulitolewa katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza mwaka 1549, chini ya askofu mkuu Thomas Cranmer. Ukiuona mzito, kumbuka kwamba watawa wa Benedikto walipangiwa Zaburi zote 150 kila wiki.

Mgawo ni huu, asubuhi kisha jioni. Tarehe 1: 1-5, 6-8. Tarehe 2: 9-11, 12-14. Tarehe 3: 15-17, 18. Tarehe 4: 19-21, 22-23. Tarehe 5: 24-26, 27-29. Tarehe 6: 30-31, 32-34. Tarehe 7: 35-36, 37. Tarehe 8: 38-40, 41-43. Tarehe 9: 44-46, 47-49. Tarehe 10: 50-52, 53-55. Tarehe 11: 56-58, 59-61. Tarehe 12: 62-64, 65-67. Tarehe 13: 68, 69-70. Tarehe 14: 71-72, 73-74. Tarehe 15: 75-77, 78. Tarehe 16: 79-81, 82-85. Tarehe 17: 86-88, 89. Tarehe 18: 90-92, 93-94. Tarehe 19: 95-97, 98-101. Tarehe 20: 102-103, 104. Tarehe 21: 105, 106. Tarehe 22: 107, 108-109. Tarehe 23: 110-113, 114-115. Tarehe 24: 116-118, 119:1-32. Tarehe 25: 119:33-72, 119:73-104. Tarehe 26: 119:105-144, 119:145-176. Tarehe 27: 120-125, 126-131. Tarehe 28: 132-135, 136-138. Tarehe 29: 139-141, 142-143. Tarehe 30: 144-146, 147-150.

Wastani ni mistari 41 kwa fungu, dakika 5 hadi 8 ukisoma kwa sauti. Na isomwe kwa sauti, hata ya kunong'ona. Akili iliyolemewa hurukaruka juu ya maandishi. Ulimi na sikio huishika. Katikati ya mstari, pale unapogawanyika sehemu mbili, pumua. Ukimaliza chagua mstari mmoja uuseme tena kama wako, kisha funga na Baba Yetu. Usiongeze kitu. Anayejipangia saa nzima ya maombi wakati wa dhiki huacha siku ya tatu.

Kinachoutofautisha mpango huu na vile vitatu ni kwamba haukuulizi unajisikiaje. Jioni ya tarehe 4 unaanza na Zaburi ya 22, ambayo mstari wake wa kwanza ndio Yesu alioulia msalabani (Marko 15:34), na bila kufunga kitabu unaingia ya 23. Wengi wanaijua ya 23 kwa moyo bila kujua jirani yake ni nani. Jioni ya tarehe 8 unakutana na "Nafsi yangu, kwa nini kuinama" mara tatu: 42:5, 42:11 na 43:5. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu hali ya mwimbaji haijabadilika. Machozi yapo, adui wapo, Mungu bado yuko mbali. Anajihubiria mwenyewe, anashindwa, anajihubiria tena. Kumtegemea Mungu katika zaburi hizi kuna sura hiyo ya kurudia, na anayedhani amerudi nyuma kwa sababu leo analia jambo la jana anapata hapa mwenzake.

Kona kali kuliko zote ni tarehe 17. Zaburi ya 88 ina mistari 18 na haina mapambazuko: inaishia gizani. Jioni inafuata ya 89, inayoanza kwa kuimba fadhili za Bwana, inageuka kwenye mstari wa 38, na kufikia 46 inauliza "hata lini" kama zile nyingine. Hakuna anayekuja kuifuta ile 88 asubuhi inayofuata. Ya 90 inaanza tu, sala ya Musa, inayomwita Bwana makao ya vizazi vyote. Msomaji mgeni huogopa na kutaka kuiruka 88. Asiiruke. Aangalie ni nani anayeambiwa maneno yale: mstari wa 1 unamwita Mungu wa wokovu wangu, wa 9 unasema amemwita kila siku, wa 13 unasema sala yake itamwendea asubuhi. Mtu huyu hana faraja hata chembe, na hajaacha kuongea na Mungu. Aliyelemewa akiitikia kanisani "Mungu ni mwema, kila wakati" huku sauti inamkwama, zaburi hii inamwambia kwamba hata yeye amewekewa kiti.

Sasa panapoharibika. Kwanza, madeni. Ukikosa siku 3, usizilipe. Tazama tarehe ya leo, soma fungu la leo. Ulizoacha zitarudi mwezi ujao. Mpango huu umejengwa juu ya kalenda kwa faida hiyo hasa, na anayeugeuza kuwa hesabu ya kukimbizana ameuvunja.

Pili, zaburi isiyolingana na siku yako. Umefiwa, fungu linasema shangilieni. Usijilazimishe kushangilia, lisome kwa niaba ya anayeshangilia leo mahali pengine, kama yeye atakavyolisoma la kwako. Watu wengi huona hili ni porojo wiki ya kwanza, na ni kweli halina ladha mara moja.

Tatu, zaburi za laana: ya 69, ya 109, mwisho wa ya 137. Wapo wanaozigeuza kombora la kumrushia jirani au ndugu kwa jina. Zaburi hizo humkabidhi Mungu kisasi ili mkono wako ubaki mtupu, sawasawa na Warumi 12:19. Kama unajikuta unaweka jina la mtu na kungoja aanguke, ruka fungu hilo mpaka uweze kulisoma dhidi ya uovu wenyewe.

Nne, urefu. Wasomaji hukwama pawili: jioni ya tarehe 15, Zaburi ya 78 yenye mistari 72, na kuanzia jioni ya tarehe 24, ambako ya 119 inachukua mafungu 5 mfululizo. Ya 119 ina beti 22 za mistari 8 kila mmoja. Ukichoka soma ubeti mmoja kwa fungu, uishie hapo. Kwa siku ngumu zaidi kuna nusu dozi: zaburi ya kwanza tu ya kila fungu. Na kwa wiki ambayo hata hiyo haiwezekani, Zaburi ya 13 peke yake, mistari 6, asubuhi na jioni kwa siku 7. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba mara ya tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44).

Kuhusu Biblia ya kutumia: Union Version ya 1952 ina mapigo ya ushairi yanayokaa mdomoni, na kwa kukariri haina mpinzani, ingawa Kiswahili chake mahali pengine kinahitaji kusomwa mara mbili. Biblia Habari Njema inaeleweka papo hapo, ila mapigo yamelegea. Soma kwa ya kwanza, ukikwama fungua ya pili. Epuka toleo la mfukoni lenye herufi ndogo sana. Macho yenye machozi na mwanga hafifu wa jioni havipatani nalo. Angalia pia namba: katika matoleo na vitabu vya sala vinavyofuata hesabu ya zamani ya Kilatini, zaburi nyingi kati ya 10 na 147 hupungua namba moja, hivyo ya 23 huitwa ya 22. Kusoma kwa pamoja na mtu wa kanisa lingine kumevurugika mara nyingi kwa jambo hilo dogo.

Nyota 4 na nusu. Nusu inakatwa kwa sababu mpango unakuacha peke yako, na hiyo ni dosari ya vifaa vyote vinne. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliomba afe. Kabla ya neno lolote la kumrekebisha alipewa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kwa mkono wa malaika. Kwa hiyo mtu ambaye hajala wala kulala asianze na fungu la zaburi. Aanze na chakula, na mtu wa kukaa naye. Mwenye mawazo ya kujiua amwambie mtu leo na afike hospitali leo, zaburi zitasomwa kando ya kitanda. Anayepigwa nyumbani aondoke mahali pa kipigo, na yeyote anayemwambia abaki "amtegemee Mungu" hajaisoma Zaburi ya 55, ambamo mwimbaji anatamani mabawa ya njiwa aruke aende zake mbali.

Mwezi wa siku 31 rudia mafungu ya tarehe 30. Februari, Zaburi za mwisho zinabaki bila kusomwa; ukitaka kufunga na ya 150, unganisha tarehe 29 na 30 jioni ya siku ya mwisho, uziache za 144 na 147 kwa mwezi ujao kama umechoka.